Bei ya Ajabu Ina Sababu Yake: Niliyojifunza Katika Matangazo ya Magari Yaliyotumika

Kwa muda mrefu kabla ya familia yetu kununua gari, nilikuwa na desturi ya kusoma matangazo ya magari yaliyotumika kila usiku baada ya watoto kulala, na nilisoma hasa yale ambayo watu wengine huyapita: gari la miaka ishirini linalotajiwa bei ya gari lililoshuka melini jana, gari zuri linalouzwa nusu ya bei ya wenzake, gari ambalo tangazo lake lina maneno mengi na halina hata picha moja ya injini. Ninaishi Morogoro, na soko la magari tunalolitegemea liko Dar es Salaam, kwa hiyo safari ya kwenda kutazama gari bovu ni nauli, ni siku ya kazi iliyopotea, na ni malipo ya fundi unayekwenda naye. Ilinibidi nijifunze kulitambua gari kutokana na tangazo lenyewe kabla ya kupanda basi. Jambo nililolipata huko, na ambalo naliamini mpaka leo, ni kwamba bei isiyo ya kawaida haitokei bure. Daima iko sababu nyuma yake, na mnunuzi akiitafuta sababu hiyo kabla ya kuanza kuomba apunguziwe, atakuwa amelijua gari na mara nyingi atakuwa amemjua na muuzaji.

Matangazo yetu yana maneno yaliyozoeleka. Gari halidai hata mia, ni kuwasha na kuondoka, lilikuwa likitumiwa na mama mmoja wa ofisini, mwenyewe ana shida ya haraka, bei maelewano. Maneno hayo sikuyachukulia kuwa uongo, maana mengine ni ya kweli, lakini hayana kitu ambacho mtu anaweza kukipima. Vinavyopimika ni mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, kilomita lilizotembea na namba ya chasisi, na hivyo ndivyo vinavyokosekana katika matangazo mengi. Mahali pa mwaka wa kutengenezwa, muuzaji huweka herufi za namba ya usajili.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza jinsi bei inavyoweza kuachana na gari. Namba za magari ya watu binafsi hapa Tanzania huanza na T, zikafuata tarakimu tatu na herufi tatu, na herufi hizo husonga mbele kadiri magari yanavyosajiliwa. Ndiyo maana, kwa kutaja herufi ya kwanza kati ya hizo tatu, tunasema gari ni namba C, namba D, au namba E. Herufi inaeleza ni lini gari liliingia katika daftari la TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na haielezi hata kidogo ni lini lilitoka kiwandani. Niliwahi kuweka pamoja matangazo mawili ya Toyota IST, gari ambalo lilianza kuuzwa Japani mwaka 2002. Yote mawili yalikuwa ya mwaka 2003, yote cc 1298, yote ya rangi ya fedha. La kwanza, namba D za mwanzoni, lilitajwa kwa Sh milioni 10. La pili, namba E, kwa Sh milioni 15 na nusu. Umri wao ulikuwa mmoja. La pili lilikuwa limeitumia sehemu kubwa zaidi ya maisha yake katika barabara za Japani, na la kwanza katika barabara zetu.

Sitasema kwamba tofauti hiyo haina maana yoyote. Gari lililobaki Japani limekuwa likipita ukaguzi wa lazima kila baada ya miaka miwili, na bushi zake, yaani mipira ya viungo vya chini ya gari, hazikuonja matuta yetu wala vumbi letu. Hata hivyo, yapo magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, na kutu ya chumvi hiyo huanzia chini, mahali ambapo kamera ya muuzaji haifiki. Kwa Sh milioni 5 na nusu mtu anaweza kulibadilishia gari la kwanza vyuma vyote vya chini vilivyochoka, akanunua matairi mapya, na akabaki na fedha mkononi. Nilipomweleza hesabu hiyo binamu yangu, alinijibu kwamba watu watamuuliza gari ni namba gani na hakuna atakayemuuliza habari za bushi. Alikuwa amesema kweli, na katika jibu lake ndimo zilimokuwa zile milioni 5 na nusu.

Sababu ya pili nilikutana nayo kwa kuzoea kutazama picha kwa makini. Kulikuwa na Toyota Spacio nyeupe iliyopigwa picha mbele ya ukuta wa matofali ya saruji, yenye mkwaruzo mrefu upande wa kushoto wa bampa la mbele na kitambaa cha kijani kilichotandikwa juu ya dashibodi. Katika tangazo la kwanza iliuzwa Sh milioni 8.5. Baada ya siku chache niliiona kwa mtu mwingine, kwa picha zilezile, ikiwa imefika milioni 9.8, na baadaye kwa mtu wa tatu aliyezikata picha kidogo pembeni na kuandika milioni 11, bei ya mwisho. Mkwaruzo ulikuwa uleule, kitambaa kilekile, na kwenye kona ya picha zote ilionekana ndoo ya buluu iliyopinduliwa. Niliwapigia wote watatu nikawauliza swali moja, kwamba gari liko wapi na naweza kuliona saa ngapi. Wa tatu aliniambia nimsubiri awasiliane na mwenzake. Wa pili naye alikuwa na mwenzake. Wa kwanza ndiye aliyejibu kwamba gari liko nyumbani kwa mwenyewe, Tabata, na kwamba mwenyewe anarudi kazini saa kumi na moja.

Kila dalali katika mnyororo ule alikuwa ameweka cha juu chake, yaani nyongeza yake juu ya bei ya mwenye gari, na simlaumu mtu kwa kula kwa jasho lake, kwa kuwa dalali mzuri anafanya kazi ya kweli: anajua gari liko kwa nani, anakupeleka, anahakikisha kadi ya usajili ipo, na anakaa nawe mpaka mmeandikishana. Ninachokilalamikia ni cha juu kinachotozwa na mtu ambaye hajawahi kuliona gari na hana namba ya simu ya mwenye gari. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza limekuwa mahali gari lilipo, na nimeona kwamba anayelijibu mara moja, hata kama bei yake ni ya juu, huwa karibu na gari kuliko anayeanza kueleza jinsi lilivyo zuri.

Naomba nikae kidogo kwenye picha, kwa sababu nimejifunza kwazo kuliko kwa maneno yote. Muuzaji huchagua maneno kwa uangalifu, lakini akipiga picha ya kiti, mlango nao huingia. Usiku mmoja nilikuwa naangalia gari dogo ambalo tangazo lake lilisema limetembea kilomita 84,000 tu, na picha ya dashibodi ilionyesha tarakimu hizohizo. Bei yake ilikuwa juu ya wenzake kwa zaidi ya milioni mbili, na sababu iliyotolewa ni kilomita hizo chache. Katika picha ya kiti cha dereva mlango ulikuwa wazi, na kwenye ubavu wa mlango ilibandikwa stika ndogo ya manjano, ya aina ile ambayo gereji za Japani huibandika zinapobadilisha oili. Niliikuza picha mpaka maandishi yakaanza kuchanganyika. Niliweza kusoma 22, kisha 11, kisha 8, na chini yake tarakimu 112,430.

Wajapani huhesabu miaka pia kwa enzi za wafalme wao, na enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989, kwa hiyo mwaka wake wa 22 ni mwaka 2010. Gari lile, kwa mujibu wa gereji iliyolihudumia tarehe 8 Novemba 2010, lilikuwa tayari limevuka kilomita 112,000, kisha likaja Tanzania na kufanya kazi kwa miaka mingi, na sasa lilikuwa likitangazwa kwa kilomita 84,000. Nilimwandikia muuzaji kwa heshima, nikamtumia kipande cha picha yake mwenyewe, nikamuuliza kama anaweza kunieleza. Alijibu kwamba hizo ni stika tu za Wajapani. Asubuhi yake tangazo lilikuwepo bado, bei ileile, kilomita zilezile, na picha ya kiti cha dereva ilikuwa imeondolewa.

Jambo hilo lilinikasirisha, na bado linanikasirisha, kwa sababu mita iliyorudishwa nyuma haimwibii mnunuzi fedha peke yake. Mkanda wa taimingi, oili ya gia boksi na plagi hubadilishwa kwa kuhesabu kilomita, na mtu aliyepewa hesabu ya uongo ataendesha kwa amani mpaka siku gari litakapomzimikia kwenye mlima wa Kitonga akiwa na watoto ndani. Tangu hapo nimekuwa nikitazama vitu ambavyo muuzaji hakukusudia kuvionyesha. Usukani uliong'aa kwa kushikwa na pedali ya breki iliyolika upande mmoja havilingani na kilomita 60,000. Tairi lina tarakimu nne ubavuni zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa, hivi kwamba 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na matairi yanayosemwa kuwa mapya husomeka hapo. Vioo vya gari lisilogongwa kwa kawaida huwa na nembo ya kiwanda kimoja. Kimoja kikitofautiana, ni haki kuuliza kilivunjikaje. Nyakati nyingine hata karatasi ya mnada ya Japani, inayoeleza hali ya gari lilipouzwa huko, ambayo muuzaji huiweka kwa kujivunia alama ya jumla iliyoandikwa juu, ina mchoro wa gari chini yake, na nimeiona yenye alama ya W kwenye mlango wa nyuma na XX kwenye boneti, maana yake mlango ulinyooshwa na boneti ilibadilishwa, wakati tangazo linasema rangi haijaguswa.

Haya ya picha yanamfaa zaidi mtu anayetazama gari lenye bei ya juu. Bei ya chini mno inahitaji elimu nyingine, nayo ni ya kodi. Nilipoanza nilidhani wauza magari wa Dar es Salaam ni watu wa tamaa, kwa sababu kwenye tovuti za Japani niliona magari yaleyale yakiuzwa kwa fedha ndogo sana. Ndipo nikaanza kutumia kikokotoo cha TRA. Kwa viwango vya wakati nilipokuwa nafuatilia, gari lililotumika lilitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, ushuru wa uchakavu wa asilimia 15 kwa gari la kati ya miaka 8 na 10 na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10, kisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 juu ya vyote hivyo. Kwa gari la injini ya kati ya cc 1000 na 2000 lililopita miaka 10, kodi hizo zikijumlishwa zilikaribia kuwa sawa na thamani ambayo TRA yenyewe imelipangia gari. Ongeza meli, gharama za bandari, wakala na usajili, na utaona kuna sakafu ambayo mtu mkweli hawezi kuuza chini yake gari lililoingia juzi.

Kwa hiyo ninapoona gari lisilo na namba, lenye picha safi kabisa, likitangazwa kwa bei iliyo chini hata ya kodi yake, na maelezo yakisema liko bandarini au limetoka kwenye mnada wa forodha na linahitaji tu hela ya kushikia, sina haja ya kujua zaidi. Minada ya forodha ipo kweli, lakini hutangazwa rasmi na malipo yake hupitia serikalini, hayapitii simu ya mtu. Ninajua familia iliyotuma Sh laki nane kwa njia hiyo, akiba ya mama mjane. Tangu nilipoiona huzuni yao siwezi kulipita tangazo la aina hiyo bila kuliripoti.

Hata bei ya dola ina sehemu yake. Mwaka 2024, dola ilipovuka Sh 2,600, matangazo yalianza kuandika kwamba magari yamepanda kwa sababu ya dola, hata kwa magari ambayo kodi yake ililipwa miaka saba iliyopita. Mwanzoni niliona ni kisingizio. Baadaye nilielewa kwamba mwenye gari anafikiria gharama ya kupata jingine akishauza hilo, na fikra hiyo si ya hila. Wapo pia wanaodai kurudishiwa kila shilingi waliyoitia kwenye muziki, rimu kubwa na vioo vyeusi, na hao nimewaacha bila ugomvi, kwa kuwa gari walilitengeneza kwa furaha yao na mimi sikuhitaji kuinunua.

Tangazo lililobadilisha kabisa jinsi ninavyozitazama bei za juu lilikuwa la Peugeot 504 ya mwaka 1979, iliyokuwa Moshi, ikiuzwa Sh milioni 25. Kwa fedha hizo mtu angepata gari lenye umri wa nusu yake na bado akabaki na chenji. Picha zilionyesha gari la rangi ya maziwa, limesimama chini ya mwembe, matairi yakiwa na upepo na taa zote zikiwa nzima. Maelezo yaliandikwa na mjukuu wa mwenye gari. Nilipiga simu kwa sababu nilitaka kuijua sababu ya bei ile, na mzee mwenyewe alipokea. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza natoka wapi, wazazi hawajambo, kisha ndipo tukaingia kwenye gari.

Alinieleza kwamba alilitumia kuanzia alipokuwa mtumishi, kwamba lilibeba maharusi wa ukoo mzima, na kwamba vipuri vyake sasa anavifuata Kenya ambako magari hayo yaliunganishwa kwa miaka mingi. Alikuwa anakumbuka vizuri kwamba 504 ilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na alikumbuka miaka ya nyuma ambapo mashindano hayo yalipita huku kwetu pia. Nilimuuliza, kwa adabu, kama bei haikuwa kubwa. Akasema, "Mwanangu, nikiweka milioni tano atakuja mtu wa chuma chakavu kabla ya jua kuzama. Nimeweka bei ambayo atakayeilipa atakuwa analitaka hili gari lenyewe." Sikuwa mnunuzi wake na nilimwambia hivyo. Alinishukuru kwa kupiga. Mpaka leo nadhani bei ile ilikuwa sahihi kuliko nyingi nilizozisoma, kwa sababu mwenyewe aliijua kazi yake na hakuificha.

Mazungumzo hayo ndiyo yaliyonipa ujasiri wa kununua gari ambalo jamaa zangu wote walisema ni ghali. Tulikuwa tunahitaji gari la kumpeleka mama kliniki, naye ana magoti yanayomsumbua, na Toyota Raum ina milango ya nyuma ya kusukuma na sakafu ya chini, na upande wa kushoto hauna nguzo katikati milango yote ikifunguliwa, hivyo mgonjwa anaingia bila kujikunja. Matangazo ya Raum nilikuwa nimeyasoma mengi. Lile tulilolichagua liliandikwa na muuguzi wa Dodoma, na lilisema hivi: limetengenezwa 2004, limesajiliwa hapa 2016, kilomita 171,000, mlango wa nyuma wa kulia umerudiwa rangi baada ya kugongwa na bodaboda, AC haipoi vizuri mchana, milioni 9.8 na nitapunguza laki mbili tu. Bei hiyo ilikuwa juu ya Raum nyingine zilizokuwepo kwa zaidi ya milioni moja. Picha ya mwisho ilikuwa ya mlango ule, imepigwa kwa karibu juani, ili mtu aone mahali rangi mpya ilipokutana na ya zamani.

Tulikwenda Dodoma na fundi wetu. Dada yule alituamkia, akatupa funguo na daftari aliloandika kila huduma tangu alipolinunua, na injini ilikuwa ya baridi kama nilivyomwomba. Fundi alikaa chini ya gari kwa muda mrefu. Alichokikuta zaidi ya yaliyoandikwa ni bushi za mbele zilizochoka, na muuzaji aliposikia akaongeza laki moja kwenye punguzo bila kuombwa. Tulilinganisha chasisi na kadi, tukatazama katika mfumo wa polisi kama gari linadaiwa faini, tukaandikishana mbele ya mwanasheria.

Siku hizi ndugu na majirani hunitumia matangazo wakitaka niwaambie kama bei ni ya haki. Siwajibu kuhusu bei. Nawaambia wamwombe muuzaji picha ya namba ya chasisi iliyogongwa kwenye gari lenyewe, picha ya kadi, picha ya ubavu wa mlango wa dereva, na video ya gari likiwashwa asubuhi kabla halijapata moto, na pia aseme gari linalala mtaa gani. Wauzaji wengi hunyamaza hapohapo. Wanaotuma vyote, tunapanga nao siku ya kwenda na fundi.